John Rous na Mahame ya Warwickshire

Utafiti wa kiakiolojia juu ya mahame ya Uingereza ya zama za kati, yaani vijiji vilivyohamwa vikabaki matuta na mifereji katikati ya malisho, ulipata msingi imara katika uchimbaji wa Wharram Percy, Yorkshire, ulioanza mwaka 1950. Hata hivyo, shahidi wake mashuhuri wa awali aliishi karne tano kabla. Huyo ni John Rous, kasisi na mwanahistoria.

Rous alizaliwa Warwick yapata mwaka 1420, akasoma Oxford, kisha akawa kasisi wa kanisa dogo la Guy's Cliffe, karibu na mji wake, hadi kufa kwake mapema mwaka 1492. Katika maisha hayo aliwashuhudia makabaila wakigeuza mashamba ya nafaka kuwa malisho ya kondoo. Mchungaji mmoja alitosha mahali pa wakulima wengi. Mwaka 1459 alipeleka ombi la kulipinga jambo hilo mbele ya Bunge lililokutana Coventry, lakini halikufua dafu.

Katika historia yake ya wafalme, aliyoiandika kwa Kilatini miaka ya 1480, Rous aliorodhesha vijiji karibu 60 vilivyohamwa katika eneo la Warwick. Hakuishia kulalamika: kwa baadhi yake alilinganisha idadi ya wakazi katika hati za uchunguzi wa ardhi wa mwaka 1279 na hali ya zama zake.

Ushahidi huo una doa. Rous alimsifu Mfalme Richard wa Tatu alipokuwa hai. Richard alipouawa vitani mwaka 1485, akamwandika kuwa dhalimu aliyekaa miaka miwili tumboni mwa mamaye. Je, mwandishi kigeugeu aaminiwe?

Jibu limo ardhini. Maurice Beresford, katika kitabu chake cha mwaka 1954, aliipima orodha hiyo kwa hati za kodi na alama za uwandani. Sehemu kubwa ilithibitika, Compton Murdak ikiwa mfano mmojawapo. Lililorekebishwa ni sababu. Vijiji vingi vilikwisha kudhoofika tangu tauni ya 1348–1349, kabla kondoo hawajatamalaki. Kwa hiyo hapana budi tumtenge Rous shahidi wa mahame na Rous msifu wa wafalme: kuhusu wafalme aliandika kwa kufuata upepo, lakini kuhusu vijiji aliandika dhidi ya wenye nguvu, bila kutarajia ujira.