Siti binti Saad

Yapata mwaka 1880, katika kijiji cha Fumba kisiwani Unguja, alizaliwa mtoto wa kike akaitwa Mtumwa. Wazazi wake walikuwa maskini, asili yao bara. Alipokua alifinyanga vyungu, akaenda navyo mjini, akivinadi njiani kwa sauti iliyosikika mbali. Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko Ali Muhsin alimfundisha kuimba pamoja na ala, naye akapata jina la Siti, maana yake bibi.

Siku zile taarabu ya jumba la Sultani iliimbwa kwa Kiarabu. Siti aliimba kwa Kiswahili, hata mchukuzi wa bandarini akafahamu. Wenye wivu walimtungia nyimbo za kudhihaki sura yake na asili yake, wala hakunyamaza. Mwaka 1928 alivuka bahari mpaka Bombay, sauti yake ikatiwa katika sahani za santuri.

Wimbo wake ulioingia zaidi mioyoni ni ule wa Kijiti. Mtu huyo alimwua mwanamke mgeni mwenye mimba, kisha akatorokea bara. Waliofungwa ni wanawake waliotoa ushahidi. Watu walinong'ona majumbani, bali Siti aliimba hadharani.

Alifariki Julai 1950. Kabla ya hapo Shaaban Robert alikuwa amemwendea, akamwuliza habari zake, akaziandika kitabuni.