Soichiro Honda: mtoto wa mhunzi ambaye kivuli chake kipo kila kijiwe cha bodaboda

Pita kijiwe chochote cha bodaboda Gulwe, wilayani Mpwapwa, uulize swali moja tu: pikipiki ipi bora? Hutaondoka mapema.

Mmoja atakwambia Boxer, mjadala umefungwa. Mwingine atataja TVS kwa kuwa anaangalia mafuta. Yupo wa Haojue, na yupo wa Kichina cha bei nafuu anayeamini ukinunua ghali umelipia jina tu. Hakosekani na mmoja mkubwa kidogo kiumri, huyu atasema nyie wote hamjui kitu, pikipiki ni Honda, zile walizokuwa wakipanda mapadri na maofisa wa miradi.

Huu si ubishi wa Simba na Yanga. Kijana aliyechukua chombo kwa mkataba anatakiwa apeleke hesabu kwa tajiri, pikipiki iwe imetembea au imelala kwa fundi. Akikosea kuchagua anaweza kupoteza chombo pamoja na pesa yote aliyokwishalipa. Na huku siyo mjini. Kiangazi ni vumbi, masika maji yanakuja kwa nguvu hadi reli ya kati kati ya Kilosa na Gulwe imesombwa mara nyingi tu.

Jina la yule mzee wa kijiwe, Honda, ni jina la mtu. Alifariki mwaka 1991, kabla bodaboda hazijajaa Tanzania. Lakini ukifuata maisha yake unaelewa kwa nini vijana wa Gulwe wanabishana, na pengine hata nani kati yao yuko sahihi.

Mhuri wa raba

Soichiro Honda alizaliwa Novemba 17, 1906 katika kijiji cha Komyo, karibu na mji wa Hamamatsu nchini Japani. Baba yake, Gihei, alikuwa mhunzi ambaye baadaye aliongeza kazi ya kutengeneza baiskeli. Mama yake, Mika, alikuwa mfumaji.

Shule haikumpenda, na yeye hakuipenda. Ripoti za maendeleo zilitakiwa kurudi shuleni zikiwa na mhuri wa familia. Dogo akachonga mhuri wake kwa raba ya pedeli ya baiskeli, akawa anajigongea mwenyewe. Mambo yakaenda vizuri hadi alipoanza kuwachongea na wenzake. Jina la Honda kwa maandishi ya Kijapani linasomeka sawa hata ukiligeuza kama kwenye kioo, ila majina ya wenzake hayako hivyo. Wakadakwa.

Gari la kwanza kufika kijijini kwao alilikimbiza kwa miguu. Liliposimama likadondosha oili, aliinama kuinusa. Mtu wa namna hiyo unajua tu ataishia wapi.

Mwaka 1922, akiwa na miaka 15, alikwenda Tokyo kuomba kazi kwenye gereji iliyoitwa Art Shokai. Alitegemea kupewa spana, akapewa mtoto wa bosi ambebe. Miezi ikapita analea na kufagia huku anachungulia mafundi wanavyofungua injini. Alipopewa nafasi aliishika kweli kweli, na mwaka 1928 alirudi Hamamatsu kufungua tawi la gereji hiyo.

Alikuwa pia mtu wa mashindano. Mwaka 1936 alipata ajali mbaya kwenye mbio za magari, yeye na mdogo wake wakarushwa nje ya gari. Walipona.

Ringi 3 kati ya 50

Kufikia hapo alikuwa na gereji inayomlipa. Angetulia, tusingemjua. Badala yake aliamua kutengeneza ringi za pistoni, kile kidude ambacho kikichoka pikipiki yako inaanza kufuka moshi na kula oili.

Alishindwa vibaya. Ringi zake zilikuwa zinavunjika na hakujua kwa nini, kwa sababu hakuwa na elimu ya vyuma. Akajiandikisha chuo cha ufundi, mtu mzima mwenye biashara zake, akakaa darasani na vijana. Alisikiliza masomo aliyoyahitaji, mitihani akaigomea, chuo kikamwondoa. Hakujali, alichokitaka alikuwa amekwishakipata.

Hata hivyo, alipopeleka ringi 50 Toyota zikapimwe, zilizofaulu zilikuwa 3. Ilimchukua muda kurekebisha hadi Toyota wakaanza kununua.

Kisha ikaja vita. Kiwanda kilipigwa mabomu, na Januari 1945 tetemeko la ardhi likamalizia kilichobaki. Honda akauza mabaki kwa Toyota kwa yeni 450,000, akakaa karibu mwaka mzima bila kazi maalumu, anapika pombe nyumbani na kunywa na marafiki. Wasifu nyingi za matajiri zinaruka sehemu kama hizi. Mimi naipenda, maana inaonyesha na yeye alichoka.

Injini ya redio kwenye baiskeli

Japani baada ya vita ilikuwa na shida ya usafiri ambayo mtu wa Gulwe hahitaji kuelezwa. Treni zimejaa, mafuta haba, watu wanasukuma baiskeli na mizigo.

Mwaka 1946 Honda alikutana na injini ndogo zilizokuwa zikitumiwa na jeshi kuendesha redio. Akafunga moja kwenye baiskeli, na chombo cha kuwekea maji ya moto kikageuzwa kuwa tenki la mafuta. Aliyeijaribu barabarani ni mke wake, Sachi. Zilipatikana injini kama 500 hivi, zikaisha, na hapo akalazimika kutengeneza ya kwake. Septemba 24, 1948 ikasajiliwa kampuni ya Honda.

Mwaka uliofuata alikutana na mtu ambaye bila yeye pengine jina Honda lingeishia Hamamatsu: Takeo Fujisawa. Honda alikuwa fundi mwenye hasira, anajulikana kwa kurusha spana na hata kumpiga mfanyakazi aliyefanya kazi ovyo. (Leo angeburuzwa mahakamani, na ingekuwa haki.) Hesabu na mauzo hakuviweza. Fujisawa aliviweza. Wakagawana, mmoja mashine, mwingine pesa na soko.

Fujisawa ndiye aliyemsukuma aachane na injini ya stroki mbili, zile za kuchanganya oili na petroli, atengeneze ya stroki nne. Mwaka 1951 waliijaribu kwenye mlima wa Hakone ambao pikipiki nyingi za Kijapani wakati huo ziliushindwa. Fundi kijana Kiyoshi Kawashima alipanda na pikipiki, mabosi wawili wakamfuata kwa gari. Pikipiki ikawaacha.

Mwaka 1952 kampuni ilikuwa na injini mpya ya kufunga kwenye baiskeli lakini haina maduka ya kuiuzia. Fujisawa akaandika barua kwa maduka ya baiskeli nchi nzima, zaidi ya 50,000. Maelfu wakakubali. Ghafla Honda akawa na mtu wa kuuza na kutengeneza bidhaa yake hadi vijijini, tena mtu ambaye wanakijiji wanamjua tayari.

Kwangu mimi hapa ndipo ubishi wa Gulwe unapojibiwa, nitarudi.

Mwaka 1954 Honda alitangaza kwamba ataenda kushindana mbio za Isle of Man, kule wanakokimbia mabingwa. Mwaka huo huo kampuni ilikuwa karibu kufilisika. Wengi walimwona kachanganyikiwa. Walifika mwaka 1959, wakamaliza nafasi ya 6, 7, 8 na 11 kwenye daraja la cc 125 na kubeba zawadi ya timu. Mwaka 1961 wakashinda daraja la 125 na la 250.

Katikati hapo, mwaka 1958, ikatoka Super Cub. Cc 50, stroki nne, unapanda bila kurusha mguu juu ya tenki, na klachi haihitaji mkono. Sababu ya hilo la klachi ni wapeleka tambi wa Japani, ambao mkono mmoja umeshika sinia la chakula. Wazo likatoka kwa mtu wa kazini, siyo kwa tajiri. Kufikia mwaka 2017 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 100. Vietnam watu wamezoea kuita pikipiki yoyote Honda, kama sisi tunavyoita kila cha matairi matatu Bajaji.

Mwaka 1969 wakatoa CB750, silinda nne na breki ya diski mbele, na mashabiki wa safari ndefu Ulaya na Marekani wakapata cha kubishania hadi leo: Honda, BMW, Yamaha au Kawasaki.

Nani yuko sahihi Gulwe?

Yamaha na Suzuki asili yao ni Hamamatsu, mji ule ule wa gereji ya Honda. Sasa angalia kijiweni. Bajaj, wenye Boxer, walijifunza pikipiki wakishirikiana na Kawasaki ya Japani. TVS ilikua ikiwa na Suzuki. Haojue inashirikiana na Suzuki. Na zile za Kichina zinazodharauliwa, nyingi injini yake ni nakala ya Honda CG125 ya miaka ya 1970, ambayo wahandisi wa Honda waliibuni makusudi kwa nchi ambazo mtu anabeba kupita kiasi na oili anabadilisha akikumbuka. Badala ya cheni ndani ya injini kuna fimbo za kusukuma valvu. Haina mbwembwe, na ni rahisi kwa fundi wa chini ya mwembe.

Kwa hiyo anayeponda Honda huku amekaa juu ya Kichina, amekaa juu ya wazo la Honda.

Lakini mzee wa kijiwe naye asishangilie. Honda ilitawala Japani kwa sababu kila kijiji kilikuwa na duka na fundi. Tanzania kazi hiyo wameifanya Wahindi na Wachina, na Honda imebaki zaidi kwa miradi na taasisi zenye bajeti ya spea. Kwa dereva wa mkataba, pikipiki bora ni ile ambayo klachi ikiisha Kibakwe leo, spea inapatikana Mpwapwa leo hii hii. Kwa historia ya Honda mwenyewe, mtu wa Boxer ana hoja nzito.

Mzee alipokubali kushindwa

Ukaidi uliomjenga karibu umharibie. Miaka ya mwisho ya 1960 aling'ang'ania injini zipozwe kwa hewa, hata za magari. Mwaka 1968 dereva Mfaransa Jo Schlesser alifia ndani ya gari la mbio la Honda lenye injini ya namna hiyo, lililowaka moto baada ya ajali kwenye mashindano ya Ufaransa. Wahandisi vijana walitaka injini ya kupozwa kwa maji, mzee akakataa. Fujisawa ndiye aliyemkalisha chini, akamtaka achague kuwa fundi au kuwa mkuu wa kampuni. Honda akawaachia vijana wafanye wanavyojua.

Mwaka 1973 wote wawili walistaafu pamoja. Hakumrithisha mtoto wake kampuni. Alizunguka Japani kwenye viwanda na maduka, akishikana mikono na wafanyakazi na kuwashukuru.

Alifariki Agosti 5, 1991 kwa ugonjwa wa ini, akiwa na miaka 84. Hakutaka kampuni imfanyie mazishi makubwa, kwani hakuona sawa mtengeneza magari aje kusababisha foleni barabarani. Kampuni ikafungua ofisi na viwanda vyake, watu wakaenda kumuaga huko huko.