Hans Paasche: Askari Aliyeanza na Dhambi Yake Mwenyewe



Huku kwetu Kolo wageni huja kutazama michoro ya miambani, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Wachache huuliza habari za vita. Lakini Mei 1916, hapo Kondoa, Wajerumani walipambana na majeshi ya Waingereza yaliyotoka Afrika Kusini. Nyanda zetu za kati zililipa vita hiyo kwa nafaka, kwa ng'ombe na kwa wanaume waliochukuliwa kubeba mizigo. Ikafuata njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya, kuanzia 1917 hadi 1920.

Katika miaka hiyo hiyo, huko Ujerumani, ofisa mmoja alithubutu kuwaambia watu wake ukweli juu ya vita. Alikuwa amevijua hapa hapa nchini kwetu. Jina lake Hans Paasche.

Alizaliwa Rostock tarehe 3 Aprili 1881. Baba yake alikuwa mtu mkubwa, aliyefikia kuwa makamu wa rais wa Bunge la Ujerumani. Kijana akaingia jeshi la majini, akaletwa pwani yetu katika manowari iliyoitwa Bussard. Vita vya Majimaji vilipozuka mwaka 1905, alikuwa na miaka 24. Akapewa askari na kupelekwa bonde la Rufiji. Alipigana, watu wakafa kwa amri zake, na serikali yake ikampa nishani.

Nishani haikumtuliza. Alikuwa amejifunza Kiswahili, na mtu ukishamwelewa anaposema, ni vigumu kuendelea kumwona kama windo. Akaanza mazungumzo ya amani na waliokuwa wakipigana naye, bila idhini ya wakubwa wake. Wakamwondoa katika eneo la vita. Vita vikaendelea bila yeye, mashamba na maghala yakachomwa moto. Wanahistoria hukadiria waliokufa kuwa kati ya 75,000 na 300,000, wengi wao kwa njaa.

Mwaka 1908 alimwoa Ellen Witting, wakaja pamoja safari ya kuelekea chanzo cha mto Nile. Kuanzia 1912 akachapisha gazetini barua za mtu aliyembuni mwenyewe, Lukanga Mukara, mwenyeji wa kisiwa cha Ukara katika Ziwa Victoria, aliyetumwa na mfalme wake kuichunguza Ujerumani. Lukanga anawashangaa Wajerumani: moshi wao, pombe yao, haraka yao, nguo zinazobana mwili. Wasomaji walicheka, lakini waliona wamegeuziwa kioo.

Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914 Paasche alirudi jeshini. Akatakiwa aketi kama hakimu kumhukumu baharia aliyeshtakiwa kwa uchochezi, akakataa. Mwaka 1916, mwaka ule ule mizinga ilipolia Kondoa, alitolewa jeshini. Hakunyamaza. Alisambaza maandishi ya kupinga vita, na mwaka 1917 akakamatwa kwa kosa la uhaini, kisha akawekwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Kwa wakubwa, ofisa anayechukia vita hawezi kuwa mzima. Mabaharia wa mapinduzi ndio waliomfungulia Novemba 1918. Mwezi uliofuata mke wake akafa, akamwachia watoto wanne.

Hapa, wapendwa, ndipo ninapotaka tusimame kidogo. Mwaka 1919 Paasche alitoa kijitabu juu ya chanzo cha vita ile. Wakati huo kila mtu Ulaya alikuwa akimnyooshea mwenzake kidole. Paasche, aliyekwisha fungwa kwa kuipinga, angeweza kunawa mikono. Badala yake alikipa kijitabu chake jina la kushangaza: sehemu yake mwenyewe ya hatia katika Vita ya Dunia. Alianza na yeye, ofisa aliyeilelea na kuitumikia roho ile ya kijeshi.

Ijumaa tarehe 21 Mei 1920, siku mbili kabla ya Pentekoste, wanajeshi wapatao 60 walizingira shamba lake. Walidai wanatafuta silaha zilizofichwa. Walimpiga risasi akitoka ziwani. Silaha hazikuonekana, na hakuna aliyeadhibiwa. Shamba hilo, ambalo leo liko Poland, liliitwa Waldfrieden, maana yake amani ya msituni. Kaburi lake liko huko.

Je, sisi Watanzania tumheshimu mtu aliyemwaga damu ya babu zetu? Swali ni la haki. Simwiti mtakatifu, wala simweki mbele ya mashujaa wa Majimaji. Lakini Daudi naye alikuwa na damu mikononi, na Kanisa linaendelea kusali zaburi ya toba yake. Zakayo hakuanza kwa kuwataja watoza ushuru wenzake. Alifungua mfuko wake mwenyewe. Ukweli unaoanza na ungamo hujenga amani. Ukweli unaoanza na jirani mara nyingi huzaa ugomvi mwingine.

Nabii Ezekieli anatukumbusha kwamba mlinzi aonaye hatari asipige tarumbeta atadaiwa damu ya wenzake. Wapo kati yetu askari, mgambo, watendaji, hata wahasibu wa parokia, wanaoona jambo ovu likifanyika ndani ya nyumba yao wenyewe. Kusema kuna gharama, na Paasche aliilipa yote. Wiki hii, kabla ya kumtaja mwingine, tupige magoti tuulizane: sehemu yangu mimi ni ipi? Tukishaisema hiyo mbele ya Mungu, tusiogope kusema iliyobaki mbele ya watu.

Tuwaombee wote waliokufa Rufiji, Kondoa na Ugogo, na mtumishi huyu aliyechelewa lakini akafika. Raha ya milele uwape, ee Bwana.