Neyland, Jemadari wa Kinga

Sisi washairi huwasifu wafungaji, walinzi tukawasahau. Basi leo, msomaji mpenzi, namtaja mlinzi.

Robert Neyland alizaliwa Texas, Marekani, mwaka 1892, akahitimu chuo cha kijeshi cha West Point mwaka 1916. Miaka kumi baadaye akakabidhiwa timu ya Chuo Kikuu cha Tennessee. Mpira wao si huu wetu: una umbo la yai, hubebwa mikononi, na aufikishaye nyuma ya mstari wa mwisho wa wapinzani ndiye apataye pointi. Neyland aliwafunza vijana wake kuulinda mstari huo kabla ya jambo lolote, akiamini kuwa aliyeshindwa huwa ameponzwa na makosa yake mwenyewe.

Msimu wa 1939 walicheza michezo 10, na hapana aliyewapata hata kwa pointi moja. Kisha tarehe 1 Januari 1940, huko Pasadena, Southern California wakawalaza 14 kwa 0. Ukuta wa mwaka mzima ukatobolewa kwa siku moja!

Mwaka 1941 jeshi likamwita, akafikia cheo cha Brigedia. Aliporudi mwaka 1946 wakazuka wa kusema mbinu zake zimechakaa. Hakuzibadili, na mwaka 1951 Tennessee ikatawazwa bingwa wa taifa.

Alifariki mwaka 1962, na uwanja wa Tennessee ukapewa jina lake. Alishinda michezo 173, lakini mimi naistahi zaidi hesabu nyingine: katika michezo yake 216, mara 112 wapinzani walirudi kwao mikono mitupu.