Yeremia na Shimo la Matope

Ndugu msomaji, huenda umekwisha kulisikia jina la Yeremia. Habari zake zimo katika Biblia, katika kitabu chenye jina lake. Wengi wanajua kwamba alikuwa nabii. Lakini si wengi wanaojua kwamba alipigwa, alifungwa, na alitupwa shimoni na watu wa taifa lake mwenyewe. Kosa lake lilikuwa nini? Aliwaambia wajisalimishe kwa adui ili wapone. Soma polepole, halafu uamue mwenyewe kama alitenda vema.

Yeremia alizaliwa katika kijiji cha Anathothi, karibu kilometa 5 kutoka mji wa Yerusalemu. Baba yake, Hilkia, alikuwa wa ukoo wa makuhani. Yeremia alianza kazi ya unabii mwaka 627 kabla ya Kristo, angali kijana. Hakuitaka kazi hiyo. Alimwambia Mungu kuwa yeye ni mtoto tu, hajui kusema. Hata hivyo aliifanya kwa miaka zaidi ya 40. Hakuoa wala hakupata watoto, kwa sababu Mungu alimkataza kuoa katika nchi iliyokuwa karibu kuangamia.

Nchi yake iliitwa Yuda. Ilikuwa nchi ndogo kati ya mataifa mawili makubwa. Upande mmoja ilikuwapo Misri. Upande wa pili ilikuwapo Babeli, katika nchi ambayo leo ni Iraki. Unajua kinachoumia tembo wanapopigana. Yuda ilikuwa nyasi hizo.

Mwaka 605 jeshi la Babeli liliwashinda Wamisri. Mwaka huo Yeremia alianza kuyaweka maneno yake katika maandishi. Alikuwa na rafiki, Baruku, aliyekuwa mwandishi. Yeremia alisema, Baruku akaandika kwa wino. Siku hizo vitabu havikuwa na kurasa kama hiki unachokishika. Kitabu kilikuwa kipande kirefu kilichoviringishwa, nacho kiliitwa gombo. Gombo hilo lilipelekwa kwa Mfalme Yehoyakimu. Ulikuwa wakati wa baridi, na mfalme alikuwa ameketi mbele ya moto wa makaa. Kila mtumishi wake aliposoma sehemu tatu au nne, mfalme alizikata kwa kisu akazitupa motoni. Gombo lote liliungua. Yeremia na Baruku walichukua gombo jingine, wakaandika yote upya, wakaongeza na mengine. Wewe uliyejifunza kuandika ukubwani unajua hata ukurasa mmoja ni kazi ya namna gani.

Mwaka 597 Wababeli waliuteka Yerusalemu. Walimchukua mfalme pamoja na mafundi na askari wengi, wakaenda nao Babeli. Wakamweka Sedekia kuwa mfalme, kijana wa miaka 21. Sedekia aliapa kwa jina la Mungu kwamba ataitii Babeli. Baada ya miaka michache alianza kufikiri kuasi.

Hapo ndipo mambo yalipokuwa magumu. Katika Yerusalemu ilikuwapo nyumba ya Mungu, yaani hekalu. Watu waliamini kuwa Mungu hawezi kuiacha nyumba yake ishikwe na wageni. Kwa hiyo mtu aliyesema tupigane alionekana ana imani, na mtu aliyesema tujisalimishe alionekana hana. Yeremia alikuja na nira shingoni, nira kama ile ya maksai wa kulimia. Akasema kwamba Mungu mwenyewe ameitia Babeli nguvu kwa wakati wake. Wakiikubali nira wataishi. Wakiikataa watakufa kwa upanga, njaa na maradhi.

Mfalme aliasi. Jeshi la Babeli lilikuja likauzingira mji. Hakuna aliyeingia, hakuna aliyetoka, na chakula kilianza kupungua. Kisha Wababeli waliondoka kwa muda mfupi kwenda kukabiliana na jeshi la Misri, na Yeremia akaona nafasi ya kwenda kwao kushughulikia sehemu yake ya urithi. Alikamatwa langoni. Mlinzi alidai kuwa anakimbilia kwa adui. Alipigwa na kufungwa. Baadaye mfalme aliamuru awekwe katika ua wa walinzi na kupewa mkate mmoja kila siku, mpaka mikate yote mjini ikaisha.

Hata katika ua huo hakunyamaza. Wakuu wa mji walikasirika. Walimwambia mfalme kuwa mtu huyu anailegeza mikono ya askari, naye anastahili kufa. Tuwe wa haki, ndugu msomaji. Wakuu hao nao walikuwa na hoja. Askari mwenye njaa juu ya ukuta akisikia kuwa vita havina maana, atashikaje upinde? Mwaka 1935 wachimbaji walifukua vigae katika mabaki ya Lakishi, mji mwingine wa Yuda. Juu ya vigae hivyo askari wa siku zile zile waliandika barua kwa wino. Katika kigae kimoja mwandishi analalamika kuwa maneno ya wakubwa fulani yanailegeza mikono ya watu. Maneno ni karibu yale yale.

Mfalme alisema hana nguvu ya kuwazuia wakuu wake. Wakamteremsha Yeremia kwa kamba katika shimo la kuhifadhia maji ya mvua. Maji yalikuwa yamekwisha. Yalibaki matope, naye akazama katika matope hayo.

Aliyemwokoa hakuwa mtu wa Yuda. Alikuwa Ebedmeleki, Mkushi, mtumishi katika nyumba ya mfalme. Kushi ni nchi ya Afrika, kusini ya Misri, ambako leo ni Sudani. Alikuwa mgeni, hana ukoo mjini wa kumtetea. Hata hivyo alimwendea mfalme mbele ya watu, akasema kuwa wakuu wametenda uovu. Mfalme akampa watu 30. Ebedmeleki alikwenda kwanza chini ya ghala, akachukua matambara na nguo kuukuu. Akamteremshia Yeremia na kumwambia aziweke kwapani, chini ya kamba, ili zisimkate. Kisha wakamvuta taratibu.

Baada ya hapo mfalme alimwita Yeremia kwa siri. Yeremia akamwambia tena ajisalimishe, naye atapona, na mji hautachomwa. Mfalme alikiri kuwa anaogopa kudhihakiwa na watu wake waliokwisha kwenda kwa Wababeli. Halafu akamwomba Yeremia asiwaambie wakuu waliyozungumza. Wakimwuliza, aseme alikuwa anaomba asirudishwe katika gereza lile la kwanza.

Wakuu walimwuliza, na Yeremia akajibu kama alivyoagizwa. Ombi hilo alikuwa amelitoa kweli siku za nyuma. Hakusema uongo, lakini hakusema yote. Nilipolisoma jambo hili pamoja na wanakisomo, darasa liligawanyika. Wengine walisema nabii hafichi neno. Mama mmoja akauliza kama aliyekwisha kutoka shimoni anadaiwa kujirudisha humo. Mimi niko upande wa mama huyo, ingawa sijaweza kuwajibu wenzake wote.

Kama mwaka 586 ukuta ulibomolewa. Sedekia alikimbia usiku, akakamatwa karibu na Yeriko. Wanawe waliuawa mbele ya macho yake, kisha macho yake yakapofushwa. Mji na hekalu vikachomwa moto. Ebedmeleki aliahidiwa na Mungu kuwa atapona. Yeremia aliachiliwa, akachagua kubaki na maskini walioachwa nchini. Baadaye watu wake walikimbilia Misri. Aliwakataza, lakini walikwenda naye, yeye mzee na Baruku.

Nimebakiza jambo moja. Mji ulipokuwa umezingirwa, naye yumo kifungoni, Yeremia alinunua shamba la binamu yake huko Anathothi kwa shekeli 17 za fedha. Adui alikuwa amekwisha kuishika nchi. Hata hivyo Yeremia alipima fedha katika mizani, akaita mashahidi, hati ikaandikwa na kutiwa muhuri. Akamwagiza Baruku aiweke ndani ya chungu ili idumu siku nyingi.

Mwaka 539 Babeli nayo ilishindwa, na waliohamishwa wakaruhusiwa kurudi kwao. Biblia inawahesabu waliorudi, kijiji kwa kijiji. Wanaume wa Anathothi walikuwa 128.