Mzee Elijah Masinde na Jina la Wazimu

Katika toleo hili tumkumbuke mzee mmoja wa huku kwetu Bungoma. Wengi wetu tunamjua Elijah Masinde kama nabii wa Dini ya Msambwa. Wachache wanakumbuka kwamba aliwahi kuwekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, akatoka, akaanza maisha upya. Hapo ndipo pana funzo.

Masinde alizaliwa Maeni, karibu na Kimilili, yapata mwaka 1910. Alilelewa katika misheni ya Friends, yaani Makweka. Ujanani alikuwa moto wa kuotea mbali katika kandanda. Aliongoza timu ya Kimilili kama nahodha, hata akaichezea Kenya dhidi ya Uganda katika Kombe la Gossage. Baadaye aliajiriwa na korti ya Waafrika pale Kimilili, kazi yake ikiwa kupeleka samansi. Huyo hakuwa mzembe hata kidogo.

Mambo yaliharibika wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Serikali ya mkoloni ilitaka watu wafanye kazi ya lazima na kufuata amri za maafisa wa kilimo. Masinde alikataa katakata na kuwachochea wengine wakatae. Mwaka 1944 aligongana na wakubwa, akafungwa. Mwaka 1945 akapelekwa Mathari, Nairobi, mbali kabisa na nyumbani.

Mathari ilifunguliwa mwaka 1910, na jina hilo ikapewa mwaka 1924. Siku za Masinde mkuu wake alikuwa Daktari J. C. Carothers. Huyu, katika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, alidai kwamba Mwafrika haitumii vizuri sehemu ya mbele ya ubongo wake. Jamani! Mbele ya watu wenye mawazo kama hayo, Mwafrika mbishi angejiteteaje? Wanahistoria wengi wanaona kwamba Masinde alifungiwa kwa sababu ya siasa kuliko ugonjwa.

Aliachiliwa mwaka 1947. Sasa tazama, ndugu msomaji. Mtu anatoka Mathari na jina la wazimu mgongoni. Kwa kawaida angekwepwa kama ukoma. Lakini watu wa kwao walimpokea, wakamsikiliza, wakamwachia uongozi. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo aliongoza mkutano mkubwa kwenye ngome ya Chetambe, kuwakumbuka Wabukusu waliouawa hapo mwaka 1895. Waliomfuata walitoka Bungoma, Uganda ng'ambo ya mpaka, na mashamba ya masetla kule Kitale.

Yaliyofuata yalikuwa machungu. Februari 10, 1948, polisi walifyatulia risasi umati wa wafuasi pale Malakisi, si mbali na Lwakhakha yetu. Watu 11 waliuawa. Dini ikapigwa marufuku, Masinde akakamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu. Alirudi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hata baada ya uhuru aligombana na serikali na kufungwa tena. Alifariki mwaka 1987. Si yote yaliyotendwa kwa jina la dini yake yanafaa kusifiwa, na mimi sitayasifu.

Funzo langu ni moja tu. Masinde, awe alikuwa mgonjwa au la, aliweza kusimama tena kwa sababu nyumbani palikuwa na watu waliomwona mtu, wasione jina. Je, fundi cherehani, mwalimu au mwendesha bodaboda anayerudi leo kutoka hospitali anapata watu kama hao? Mara nyingi anakuta cherehani imeuzwa, nafasi imejazwa, na watoto wanamwimbia njiani. Dawa imemtuliza, lakini kukaa bure kutwa nzima kunamrudisha pale pale alikotoka.

Kumsaidia si kazi kubwa. Arudishiwe kazi aliyoizoea, aanze na saa chache, aongezewe pole pole. Apewe ruhusa ya kwenda kliniki kuchukua dawa. Akifanya kazi alipwe kama wengine, asipewe sahani ya ugali tu eti anasaidiwa. Na habari za ugonjwa wake zisitangazwe sokoni bila ruhusa yake. Wala hii si hisani tu. Katiba yetu ya mwaka 2010 inakataza kumbagua mtu kwa sababu ya ulemavu, na ulemavu wa akili umo ndani yake.

Nasi wanafunzi tunayo sehemu yetu. Mwenzetu akikosa muhula mmoja kwa maradhi ya akili kisha akarudi darasani, darasa ndiyo kazi yake. Tumpe daftari anakili aliyoyakosa, tumwite kwenye timu, tusimtungie jina. Wahenga walisema hujafa hujaumbika. Leo ni yeye, kesho huenda ikawa mimi au wewe.

Basi ukipita Malakisi au Kimilili, mkumbuke yule mchezaji wa kandanda aliyeitwa mwendawazimu, na watu wa kwao ambao hawakumfungia mlango.