Mwalimu alipokataa kufungwa na somo moja

Kijana wa Muheza anayeomba nafasi ya chuo kikuu huulizwa kwanza atasomea nini, na jibu linalotarajiwa ni neno moja: udaktari, sheria, uhandisi. Hayati Mwalimu Julius Nyerere, alipokabiliwa na swali hilo mwaka 1949, hakujibu kwa neno moja.

Alikuwa na umri wa miaka 27. Alikuwa amehitimu ualimu Makerere mwaka 1945 na kufundisha katika shule ya St. Mary's, Tabora. Nyumbani Butiama aliacha mama mjane, na mchumba wake, Maria, alikuwa akimngoja. Aliyelipa karo ni serikali ya kikoloni. Mtu wa namna hiyo hana nafasi ya kubahatisha.

Alipofika Uingereza alianza na kozi fupi ya kemia na fizikia. Oktoba mwaka huo akaiacha njia ya sayansi, akaingia Kitivo cha Sanaa cha Chuo Kikuu cha Edinburgh. Huko nako hakuchagua shahada ya heshima, ambayo humzamisha mwanafunzi katika fani moja. Alichukua shahada ya kawaida, iliyomruhusu kuchanganya.

Mwaka wa kwanza alisoma fasihi ya Kiingereza, uchumi wa siasa na anthropolojia ya jamii. Wa pili, historia ya uchumi na historia ya Uingereza. Wa tatu, sheria ya katiba na falsafa ya maadili. Masomo saba, na alama zake hazikung'ara, ingawa alifaulu yote. Alihitimu mwaka 1952.

Kwa mwajiri wa siku hizo mchanganyiko huo ulifaa nini? Alirejea kufundisha Pugu. Lakini mwaka 1953 alichaguliwa kuongoza TAA, Julai 7, 1954 ikazaliwa TANU, na Machi 1955 alikuwa New York mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, akitetea haki ya Tanganyika kujitawala. Hapo sheria ya katiba na historia ya Uingereza hazikuwa pambo. Fasihi nayo haikupotea: akiwa Rais alitafsiri tamthilia mbili za Shakespeare.

Wapo wanaoona kasoro katika upana huo, na hoja yao ina uzito, hasa Tanga. Mwaka 1964 nchi ilizalisha tani zipatazo 230,000 za mkonge. Bei ikaporomoka kwa ushindani wa nyuzi za viwandani, na mwaka 1967 serikali ikataifisha sehemu kubwa ya mashamba. Wilaya kama Muheza, zilizoishi kwa zao hilo, zilionja matokeo yake kwa miaka mingi. Hata hivyo, ni vigumu kuamini kwamba shahada ya uchumi pekee ingeizuia nailoni.

Mwaka 1970 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipojitegemea, Mwalimu akawa Mkuu wake. Katika muongo huo Masomo ya Maendeleo yalifanywa ya lazima kwa wanafunzi wa vitivo vyote, wahandisi na madaktari wakiwamo.